Kadi ya Ndege Ishirini

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitano niliamini kwamba katika mji mzima wa Garissa ni mimi peke yangu niliyejua ngeli. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa aina gani. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu kule Kampala, nikarudi na shahada, suti moja ya sufu na chupa tatu za wino mwekundu, na serikali, kwa sababu ambazo haikunieleza, ikaona mahali panaponifaa kufundisha ni ng'ambo ya Mto Tana, katikati ya vita.

Redio haikuviita vita. Ilisema shifta, ilisema majambazi, kisha ikapiga muziki. Kwetu sisi watumishi tuliotoka bara, vita vilikuwa hasa kazi ya kutazamana. Ulimtazama anayekuuzia maziwa, naye akakutazama. Ukimwona mtu amesimama kwa muda mrefu kwenye kivuli cha ukuta ulijiuliza anahesabu nini, na huenda naye alikuwa akijiuliza wewe unamchungulia kwa nini. Mtu akisema, "Kesho naenda Kenya," akimaanisha tu kwamba anavuka daraja kwenda Thika kununua viatu, tulilihifadhi jina lake kichwani, kwa kuwa tuliona amekwisha kuikata nchi vipande viwili. Baada ya miezi sita nami nilikuwa nikisema hivyohivyo, "nikirudi Kenya", na nikaanza kujishuku.

Tulikula katika mesi ya watumishi, nyumba ya mabati yenye madirisha ya wavu, ambamo saa saba za mchana ungeweza kukaanga yai juu ya kofia yako. Mpishi alikuwa Msomali wa pande zile zile, mtu wa makamo, mrefu, ndevu zake zimetiwa hina. Alikuwa amefanya kazi miaka tisa Nairobi katika jiko lililopakia vyakula vya abiria wa ndege. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata moja. Alizijua kwa tumbo tu: alijua ipi inakula kondoo, ipi haigusi nguruwe, ipi inataka chai saa kumi alfajiri.

Kutoka huko alikuja na bati la biskuti, na ndani ya bati kulikuwa na kadi. Kila safari, alinieleza, ilikuwa na kadi yake ya vyakula, na jalada la kadi lilichorwa kufuata mji ambao ndege inakwenda. Zikibaki zilitupwa. Yeye aliokoa moja ya kila mji.

Siku aliponionyesha alinawa mikono kwanza, akaikausha kwa shuka, ndipo akafungua bati. Ya Aden ilikuwa na milima myeusi na meli chini yake. Ya Karachi, ngamia anavuta mkokoteni. Hiyo aliicheka, akasema aliyemfunga ngamia vile apewe mbuzi ajifunze kwanza. Ya Bombay ilikuwa na lango kubwa la mawe. Ya Roma ilikuwa na nguzo zilizovunjika.

"Hawa wana mji mkubwa namna hii," akasema, "na hakuna fundi?"

"Hizo ni za kale, zinaachwa makusudi."

"Kwetu Balambala, huko juu mtoni, fiko nyumba za kale kama hizo. Hakuna mtu anachora."

Alisema b penye p, na f penye v, kama wenzake wengi, na mimi nilikuwa na tabia mbaya ya kumsahihisha moyoni kila anapofungua mdomo. Nikamwuliza kama vyakula navyo vilifuata mji. Akanitazama kwa huruma.

"Maalim, kuku ni ile ile. Kuku ya Roma, kuku ya Karachi, yote inatoka kwa Mzungu moja ya Limuru. Sisi tunabadilisha jalada tu."

Chini kabisa ya bati ilikuwapo ya Mogadishu. Ilikuwa ndogo kuliko nyingine, ya rangi moja tu, buluu, na nyumba nyeupe zenye matao ufukweni. Juu ya nyumba, angani, mchoraji alikuwa ameweka nyota moja nyeupe ya pembe tano.

Labda mchoraji alikuwa Mwingereza wa ofisini, hajafika hata Mombasa, akaona pale juu pana nafasi tupu akaijaza nyota. Lakini Garissa mwaka ule nyota ya namna hiyo ilikuwa ndiyo bendera ya jirani, na kila aliyeshiba siasa alijua kwamba pembe moja kati ya zile tano ilidaiwa kuwa ni sisi, ardhi tuliyosimama juu yake. Watu walikamatwa kwa kuichora ukutani kwa mkaa. Nilimtazama mpishi. Alikuwa anapangusa vumbi kwenye Roma. Nikasema, "Nzuri," nikairudisha ikiwa imetazama chini, na tangu siku hiyo kila aliponipakulia mchuzi nilijiuliza anafikiria nini.

Kisha mkuu wa wilaya akatangaza kwamba mgeni mkubwa atakuja kutoka Nairobi kwa ndege ndogo, siku ya Alhamisi, atazame hali na ale chakula cha mchana mesini. Alitaka mgeni aone kwamba Garissa ni mahali kama mahali pengine. Mtu fulani akataja bati la mpishi, mkuu akavutiwa, akasema naye anataka kadi ya vyakula mezani, yenye jalada la Garissa, kana kwamba ndege imetua mahali ambapo watu huenda kwa hiari yao. Wakatafuta msanii. Kwa kuwa niliwahi kujigamba mesini kwamba nilisoma uchoraji muhula mmoja, wakanipata.

Mpishi akaniazima bati lote. "Usikunje, maalim," akasema. "Na usionyeshe watu wa mikono ya mafuta."

Sikujua nichore nini. Majalada ya kadi zile yote yalikuwa na kitu kimoja ambacho mgeni angekitambua: lango, nguzo, mnara. Garissa kulikuwa na joto, mitende mwitu ya mikoma kando ya mto, na wale korongo wakubwa wenye vipara waliosimama juu ya mabati kama mawakili waliofukuzwa kazi. Hatimaye nikachora mto, nikachora daraja, nikachora mikoma miwili na ngamia. Juu nikaweka ndege ndogo, na nyuma yake, kama nilivyoona kwenye kadi ya Bombay, mstari wa nukta nukta kuonyesha njia iliyopitia. Niliridhika sana. Msomaji mwenye akili ameshaona kwamba nilikuwa nimechora daraja la pekee la kuingilia eneo la vita, likiwa na mstari wa njia ya angani unaoelekea juu yake. Mimi nilikuwa nimesoma chuo kikuu, sikuliona.

Nakala ya majaribio nilimpa mpishi kabla mkuu hajaiona. Jumamosi alikuja nayo shuleni, nyuma yake ameandika barua kwa penseli.

"Nisomee, maalim. Natuma kwa shemeji Balambala. Nataka iwe Kiswahili ya afisi."

Kisomali siku hizo kilikuwa bado hakina maandishi ambayo watu wote wamekubaliana, kwa hiyo mtu wa Garissa aliyetaka kumwandikia mtu wa Balambala aliandika kwa lugha ya kuazima na akaomba Mungu. Aliandika juu ya kadi kwa sababu aliionea fahari, alitaka shemeji aone kazi aliyopewa. Nilikuwa na madaftari arobaini ya kusahihisha mbele yangu, kalamu nyekundu mkononi. Niliigeuza kadi, nikaona ndege yangu angani. Niliigeuza tena, nikasoma:

"Shemeji, salamu. Ndege ishirini waje Jumatano kabla ya adhuhuri. Wapite kando ya mto, wasionekane na askari. Washuke karibu na daraja, nitawapokea mwenyewe. Jiko tayari, visu vimenolewa. Mgeni mkubwa atakuwepo."

Nimeiandika hapa kwa tahajia safi. Yeye alikuwa na b na f zake. Nikazinyoosha hizo. Halafu nikaona kosa kubwa zaidi, kosa ambalo nililitarajia kutoka kwake kabla hajaketi. Ndege waje! Wiki nzima mji ulikuwa hauzungumzii kingine isipokuwa ndege ya mgeni, na mtu huyu anaiandika kama mnyama. Nikakata "waje" kwa wino mwekundu, nikaandika "zije". Nikakata "wapite", nikaandika "zipite". Zisionekane. Zishuke. Nitazipokea. Masahihisho matano, na pembeni kwa mazoea nikatia alama ya vyema. Maana ya barua sikuifikiria hata kidogo. Wala sikujiuliza mpishi angepata wapi ndege ishirini.

Akaisoma. Akasita kwenye zile nyekundu, kidole chake kikazipita moja moja.

"Una hakika?"

"Mzee, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Haya," akasema. "Wewe umesoma."

Alikuwa akiagiza kanga, wale ndege wa porini wenye madoa, ambao vijana wa kando ya mto kule Balambala waliwanasa kwa mitego. Alitaka kuwapika kama alivyoona wakipikwa kwa abiria wa daraja la kwanza.

Kadi haikufika Balambala. Jumapili dereva wa lori aliyeibeba alipekuliwa kwenye kizuizi. Jumatatu saa moja asubuhi tuliingia mesini tukakuta meko baridi, na mwenzetu mmoja akasema mpishi amechukuliwa, kuna barua, anaita ndege za vita.

Nakumbuka vizuri nilichokisema. Nilisema, "Nilijua tu." Wengine wote wakasema kwamba nao walijua. Mmoja alijua kutokana na hina. Mwingine alijua kwa sababu wali wa Ijumaa ulikuwa na chumvi nyingi, dalili ya mtu mwenye mawazo. Mimi nilijua kutokana na nyota. Hiyo sikuitamka, kwa kuwa papo hapo nilikumbuka nyota yenyewe iko wapi: ilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya bati la biskuti.

Nilirudi nyumbani mchana nikafunga mlango. Kwanza nilitoa ya Mogadishu peke yake. Kisha nikawaza: nikichoma hii moja, nikaacha nyingine, itaonekana kwamba nilielewa maana yake. Hoja hiyo bado naiona ni kali, na ndiyo hasara ya elimu, hukupa hoja kali za kufanya upumbavu. Nikawasha jiko la mkaa nikazichoma zote. Karatasi zile zilikuwa nene, zenye kung'aa, hazikutaka kushika moto. Roma ilijikunja polepole, Karachi ikatoa moshi wa kijani. Bati nililitupa chooni.

Jumanne nikaitwa kituoni.

Inspekta alikuwa mtu wa bara kama mimi, mnene, mchovu, mwenye shati lililolowa mgongoni. Kando yake aliketi karani wake, mtu wa pwani aliyevaa kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma barua za watu. Kadi ilikuwa mezani. Jalada lilikuwa juu, na nilipoliona daraja langu pale, chini ya mwanga wa kituo cha polisi, kwa mara ya kwanza nililiona vizuri.

"Kaa, mwalimu," akasema inspekta. "Hii ni ramani. Mkuu wa wilaya anasema kadi yake haijamfikia, na hii haijui. Daraja, mto, njia ya hewa. Hizi nukta nimezihesabu. Kumi na tisa. Barua inasema ishirini."

"Kwa hiyo hazilingani," nikasema.

"Moja imefutika. Sasa yeye anasema ni ndege wa kula. Karani anasema haiwezekani. Wewe una digrii, nataka neno lako tuliweke kwenye faili. Geuza."

Karani aliigeuza kwa ncha za vidole. "Mwalimu ataniwia radhi, lakini mimi Kiswahili nimezaliwa nacho," akasema taratibu. "Ndege wenye manyoya, waje. Eropleni, zije. Hapa pameandikwa 'ndege zije'. Kisha angalia, aliandika 'waje' akaikata. Akaandika 'wapite' akaikata. Mara tano. Mtu asiyejua hukosea tu akaenda zake. Huyu aliona atafahamika vibaya, akarekebisha."

"Unaona?" akasema inspekta. "Alitaka ieleweke ni eropleni. Hizo ndizo ndege gani, mwalimu, kwa sarufi?"

Alama yangu ya vyema ilikuwa pale pembeni, nyekundu, na mkia wake mrefu niliouiga kwa profesa wangu.

"Kwa sarufi," nikasema, "ni eropleni."

Inspekta akaandika. "Nilimwuliza, kama ni kanga, kwa nini hukuandika kanga? Unajua alinijibu nini? 'Bwana, nikiandika kanga ishirini, shemeji ataniletea nguo ya wanawake.' Anatufanyia mzaha." Akafunika kalamu. "Anasema pia anazo kadi kama hii nyingi, za ndege za Wazungu, zitathibitisha kwamba ni karatasi za vyakula. Nikamwambia zilete. Anasema amemwazima mtu. Mtu gani? Hasemi. Wino mwekundu wa nani? Anasema wake. Basi Ijumaa atapanda lori na wengine."

Kila mtu Garissa alilijua lori la Ijumaa. Lilivuka daraja na walinzi mbele na nyuma, na waliopakiwa humo walikwenda kuwekwa mahali ambapo barua hazikurudi. Mama aliyetuuzia maziwa alikuwa akingoja habari ya mumewe tangu mwaka wa kwanza wa vita.

Karani alinisindikiza mpaka mlangoni. Akatazama barabara, akasema kama anayezungumzia hali ya hewa, "Wino mwekundu mji huu unao wewe, mwalimu, na benki. Na benki hatuna."

Nikaenda zangu. Sina cha kujitetea kwa saa zilizofuata. Niliwaza kwamba karani amenitega, inspekta amenitega, pengine kadi yenyewe ilikuwa mtego tangu mwanzo na mpishi ndiye aliyeutega, maana kwa nini barua ya kanga iwe na siri, wasionekane na askari? Niliwaza hivyo nikifundisha kidato cha pili sentensi za masharti. Nilijiambia kwamba hata nikisema, sina ushahidi, ushahidi nimeuchoma. Halafu ikanijia, nikiwa na chaki mkononi, kwamba kwa kuwa nimeuchoma, ushahidi uliobaki duniani ni mimi.

Jumatano asubuhi ndege moja ya serikali ilikuja ikazunguka juu ya mji, ikashuka chini hadi mabati yakatetemeka, ikapanda, ikazunguka tena. Watu walijificha. Mbuzi walikata kamba. Ilikuwa ikitafuta ndege ishirini. Habari ikafika kwamba safari ya mgeni imefutwa kwa sababu za usalama. Nilisimama uwanjani mwa shule nikiitazama ile ndege ikihangaika angani kwa ajili ya kiambishi nilichokibadilisha mwenyewe, nikavaa ile suti ya sufu, sijui kwa nini, nikaenda kituoni.

Niliwaambia yote. Kuchora, kusahihisha, kuchoma. Inspekta alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si dalili njema kwa polisi. Mwishoni akamwamuru karani aniletee karatasi, niandike "zije, zipite, zisionekane" kwa kalamu yangu. Wakaziweka sambamba. Hakuna aliyehitaji miwani.

"Kwa hiyo ni kanga," akasema inspekta.

"Ni kanga."

"Na hii 'wasionekane na askari'?"

Karani ndiye aliyejibu. "Afande, mwezi uliopita alileta kanga kumi na mbili. Walipofika kwenye kizuizi wakawa sita."

"Nani alikula?"

"Mimi nilipewa mmoja."

Inspekta akamgeukia. "Na jana ulikuwa unasema eropleni, eropleni."

"Uliniuliza sarufi, afande."

Inspekta akasimama, akaenda dirishani. Nilidhani anafikiria kunifunga mimi, na ninaamini kwa dakika moja au mbili alifikiria hivyo kweli. Alipogeuka alikuwa na uso wa mtu ambaye jino limemuuma ghafla.

"Nimetuma simu Nairobi. Nimesema eropleni ishirini. Wameahirisha safari ya mkubwa, wametuma ndege imalize mafuta hapo juu. Sasa unataka niwaandikie nini? Kwamba ni mchuzi?"

Nje ndege ilipita tena. Ndipo nilipotambua kwamba kumwamini hakutoshi. Mpishi angeweza kupakiwa kwenye lori lile huku sisi watatu tukijua hana kosa, kwa kuwa kosa lilikuwa limeshakwenda Nairobi na kuwa kubwa kuliko mpishi.

Karani akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa. "Afande, simu ilisema ndege zitakuja leo kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikipita tuandike ukweli. Ndege hazikuonekana. Mtuhumiwa amehojiwa, hana uhusiano nazo. Hapo kuna uongo gani?"

Inspekta alilitafuta hilo neno la uongo, midomo ikicheza. Hakulipata. Tukakaa tukingoja adhuhuri, watu wazima watatu, tukitazama saa ya ukutani. Muadhini alipoita, inspekta akaketi kuandika.

Mimi alinipa onyo, na onyo aliliandika pia. "Kuanzia leo, mwalimu, utasahihisha kwa penseli." Ile karatasi sikuiona tena, lakini najua iko mahali. Kwa miaka ishirini kila nilipoomba pasipoti ilichelewa, na mara moja afisa mmoja Nairobi alifungua faili langu, akasoma ukurasa fulani, akanitazama mimi, kisha akatazama dirishani, juu.

Mpishi aliachiliwa Alhamisi asubuhi. Nilimngojea nje ya lango la kituo. Ndevu zilikuwa zimeanza kuonyesha mvi kwenye mizizi, na shavu moja lilikuwa limevimba. Alinipa mkono, akaniuliza habari za nyumbani, za shule, za afya, moja baada ya nyingine kama desturi inavyotaka, nami nikajibu njema, njema, njema.

"Kwa nini hukunitaja?" nikamwuliza.

"Ningetaja, wangekufunga na wewe. Halafu nani anakuja kunitoa?" Akalitazama vumbi la suti yangu. "Nilihesabu siku, maalim. Jumatatu, Jumanne. Nilisema labda suti iko kwa dobi."

Nikamwambia kuhusu bati. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka machache. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Zote?"

"Zote."

"Na Aden?"

"Na Aden."

Lori la maji lilipita, tukasogea kando. Nikasema, na nilimaanisha, kwamba nazikumbuka vizuri, kwamba nitanunua rangi nimchoree upya, moja moja, Bombay, Roma, zote.

"Habana," akasema upesi. "Habana, walal, ndugu yangu. Ukichora wewe, safari hii watafunga mama yangu."

Hakucheka, kwa hiyo nami sikucheka. Tuliketi kwenye duka la chai lililo mbele ya kituo. Nikaagiza chai mbili. Akasema kuna jambo moja naweza kumfanyia: shemeji Balambala alikuwa amesikia kwamba yuko ndani, huenda wamekwisha kuanza matanga, aandikiwe kwamba yuko hai. Mikono yake yeye ilikuwa bado inatetemeka, haiwezi kushika kalamu. Nikatoa karatasi. Akaitazama kalamu kwanza, akanitaka niandike kidogo pembeni aone rangi yake. Ilikuwa nyeusi.

Niliandika sentensi tatu. Shemeji, salamu. Nimetoka, mzima. Msije mjini kwa sasa. Alisimama nyuma ya bega langu, kidole kikifuata kila neno, na nilipofika mwisho akaomba nimsomee, kisha nimsomee tena polepole, kisha nimweleze "msije" ina maana gani na kama inaweza kuwa na maana nyingine. Nikamwambia haina.

"Una hakika?"

Nikafunika kalamu, nikampa barua.

Akaikunja barua ile mara nne. Akanywa chai yake yote, akashukuru, akavuka barabara kurudi kituoni kule kule alikotoka, akagonga dirisha la karani. Nikamwona karani akiifungua, akiisoma, akiitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Ndipo mpishi alipokwenda kutafuta lori la kuipeleka.